Kafi la bei chee linalokutosha: pima mpini, achana na urefu wako

Jumamosi moja mpwa wangu alifika kwangu hapa Mwanza na kafi jipya begani. "Mjomba, hili nimelipata kwa bei chee," akasema, akalisimamisha ukutani. Lilikuwa linampita kwa kimo. Mpini ulikuwa mnene kama mchi, na bapa lilipakwa rangi nyekundu ya mafuta inayong'aa. Nadhani rangi ndiyo iliyomnunulisha. Tukaingia nalo ziwani, tukazunguka matete kama dakika arobaini, akarudi amejishika bega.

Haya hapa chini ndiyo niliyomwonyesha baadaye. Nazungumzia kafi la mkono, lenye bapa moja, la mtumbwi mdogo wa mtu mmoja au wawili. Makasia yanayofungwa ubavuni mwa chombo yana hesabu zake, na kafi la kayaki lenye bapa pande mbili nalo ni habari nyingine.

Hatua ya 1: Amua utakaaje

Juu ya ubao, kwa magoti, au chini kabisa ndani ya mtumbwi. Chagua mkao mmoja, kwa sababu ukibadilisha mkao kipimo nacho kinabadilika.

Hatua ya 2: Pima mpini

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili na mbao nzuri, kwa hiyo mnivumilie.

Ushauri utakaopewa na kila mtu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, ni huu: simama, weka kafi mbele yako, likifika kidevuni linakufaa. Nilifuata. Kafi langu la kwanza lilikuwa na urefu wa sentimita 145, likanigusa kidevu sawasawa. Bapa lake lilikuwa sentimita 65, kwa hiyo mpini ulibaki 80. Kila nikipiga, ili bapa lizame lote ilibidi niiname hadi mkono wa chini ulowe. Nikachongesha la pili, nalo 145, ila bapa nikataka fupi, sentimita 48. Mpini ukawa 97. Sasa mkono wa juu ukawa unapanda hadi usawa wa utosi, na siku ya pili sikuweza kuvaa shati bila kusaidiwa. Makafi mawili, urefu uleule, tofauti ya sentimita 17 pale panapohusu mwili.

Kinachokupimia ni mpini peke yake: kutoka shingo ya kafi, pale bapa linapoanza, hadi ncha ya kishikio. Bapa linaishi ndani ya maji, halijui wewe ni mrefu au mfupi. Miguu yako pia haihusiki, maana umeikunja. Kinachohusika ni kiwiliwili na jinsi ulivyo juu ya maji.

Njia ninayoiamini ni ya fimbo na mkaa. Ingia ndani ya mtumbwi wako ukiwa unaelea, ukae kama ulivyoamua, mgongo wima. Chukua fimbo iliyonyooka, hata mpini wa fagio, uizamishe wima ubavuni mwa mtumbwi. Weka alama ya mkaa mkabala na pua yako. Itoe. Sehemu iliyolowa ni ya bapa, usiijali. Pima kutoka ulipoishia unyevu hadi alama ya mkaa: huo ndio urefu wa mpini wako. Wa kwangu ni sentimita 90, wa mpwa wangu 86. Harakisha kupima kabla jua halijakausha fimbo. Mimi huchora mstari wa unyevu kwa kucha mara tu inapotoka majini.

Sasa tahadhari zake.

Pima mtumbwi ukiwa na mzigo wa kawaida. Mtumbwi mtupu unaelea juu, ukipakia mtu wa pili na ndoo mbili unashuka, na kipimo kinapungua. Pima mahali maji yametulia, maana wimbi dogo tu litalowesha fimbo juu zaidi na kukudanganya. Anayekusaidia asisimame majini kwenye matete akikushikia mtumbwi. Ziwa hili lina kichocho, ufungeni mtumbwi kwa kamba kwenye jiwe. Mtu anayekaa nyuma na kuongoza anaweza kujiongezea sentimita 4 au 5, kwa sababu anatumia kafi kama usukani pia. Mtumbwi wenye ubavu mrefu au mpana sana nao unadai nyongeza, kwani kafi linaingia majini likiwa limelala kidogo. Jaketi okozi livae wakati wa kupima, kwa sababu linabadilisha mkao wako, na hata hivyo utakuwa umelivaa ukiwa ziwani. Au sivyo?

Kama huna mtumbwi karibu, piga magoti nyumbani, makalio yawe kama sentimita 15 juu ya sakafu (kaa juu ya kigoda kifupi). Geuza kafi, kishikio kiwe sakafuni. Shingo ya kafi ifike kati ya kidevu na pua. Ni makadirio tu, lakini dukani yanatosha kukuzuia usinunue mlingoti.

Na ukiwa na shaka, chukua refu. Refu hukatwa. Ila likatwe upande wa kishikio, sentimita 2 kwa mara, na baada ya kila mkato upige kafi saa nzima kabla ya mkato mwingine. Kishikio usikigundishe hadi mwisho. Mimi nilikigundisha kwanza.

Hatua ya 3: Liweke kwenye mzani

Mwaloni mizani ya samaki haikosekani. Omba, ning'iniza kafi, soma. Mimi sinunui kafi linalozidi kilo 1. Mpwa wangu alicheka, hadi tulipopiga hesabu. Mtu hupiga kafi kama mara 30 kwa dakika, yaani mara 1,800 kwa saa. Kafi likizidi kilo hiyo kwa gramu 300, kwa saa moja umeinua kilo 540 za bure. La kwake lilikuwa kilo 1 na nusu.

Hatua ya 4: Mbao

Makafi ya bomba la alumini na bapa la plastiki yanauzwa, hayaozi, na mimi siyataki. Asubuhi ya baridi bomba linagandisha vidole, na plastiki ikipinda huwezi kuipiga randa. Mbao hurekebishika.

Mvule na mninga ni mbao za heshima, hazinywi maji kirahisi, lakini kwa kafi zinalemea na bei yake si ya kitu cha kuchubulia kwenye mawe. Mkaratusi unapinda ukikauka. Mimi naenda na paini iliyokauka vizuri. Tatizo lake ni vifundo: chagua mwenyewe dukani, usimtume mtu, na kipande cha mpini kisiwe na kifundo hata kimoja. Tazama nyuzi za mbao ubavuni. Zikikimbia moja kwa moja kutoka mwisho hadi mwisho, chukua. Zikikatiza kwa mshazari, mpini utavunjika hapohapo zinapokatiza, na utavunjika ukiwa mbali na ufuko.

Usijaribu kuchonga kafi lote kwenye ubao mmoja wa moja kwa nane. Inchi moja ni nyembamba mno kwa mpini. Mwambie fundi achukue mbili kwa mbili iwe uti kuanzia kishikioni hadi ncha ya bapa, halafu agundishe vipande vya ubao wa inchi moja kulia na kushoto kutengeneza bapa. Gundi iwe ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi nyeupe ya mbao inayeyuka. Fundi mmoja alinihakikishia kuwa yake haiingizi maji, na wiki ya tatu nikarudi nchi kavu na bapa la upande mmoja.

Hatua ya 5: Bapa na unene wa mpini

Upana sentimita 18 hadi 20, urefu kama 50. Bapa pana linaonekana lina nguvu, lakini nguvu hiyo inatoka begani kwako. Penye magugu maji jembamba linachomoka vizuri zaidi. Mpini uwe na kipenyo cha sentimita 3 hivi, umbo la yai kidogo, vidole vikutane na dole gumba ukiushika.

Kishikio kiwe cha herufi T, kipande cha sentimita 11 kinatosha. Makafi mengi ya huku hayana, ni fimbo tupu, na wazee wanayaendesha vizuri kuliko mimi. Lakini anayejifunza anahitaji kuhisi mkononi bapa limeelekea wapi bila kulitazama.

Hatua ya 6: Msasa na mafuta

Piga msasa. Bapa lipake vanishi au epoksi nyepesi, hasa ncha, maana ndiyo inayokutana na mawe. Mpini usiupake vanishi, itakutoa malengelenge mikononi. Uupake mafuta ya kitani kwa kitambaa, uache ukauke siku mbili, urudie.

Kafi jekundu hatukulitupa. Tulilipiga randa mpini hadi vidole vikakutana, tukalikata, tukapunguza bapa pande zote mbili, likashuka hadi kilo 1 na gramu 100. Limefungwa kwa kamba ndani ya mtumbwi wake kama la akiba. Jipya la paini limemgharimu mbao, epoksi kidogo na soda mbili za fundi. Kishikio bado hajakigundisha, anasema anataka kukata sentimita moja zaidi.