Valvu ya Zamani ya Mtungi wa Kuzamia: Ibaki au Ibadilishwe?

Usiitupe valvu kwa sababu ya umri tu. Mwili wake wa shaba ya njano iliyopakwa kromu hudumu miongo mingi. Vinavyochoka ni oringi (pete za mpira za kuzibia), gasketi, kiti cha plastiki cha ndani na kisahani cha usalama, kile kinachopasuka presha ikizidi, na vyote hivyo hubadilishwa. Cha kuangalia kwanza ni nyuzi za skrubu za shingoni.

Toa hewa yote polepole kabla ya kushika spana. Ukimya si uthibitisho kwamba mtungi ni mtupu: valvu huweza kukwama ikiwa imefunga, au kimrija cha ndani kikazibwa na kutu. Ikishalegea, inapaswa kuzunguka kwa mkono. Ikiendelea kukaza au ikianza kupuliza, acha hapo hapo, umwachie fundi wa mitungi.

Sasa soma maandishi ya begani mwa mtungi na ya kwenye valvu, kisha pima kwa kalipa na geji ya nyuzi. Mitungi mingi ya Marekani ni 3/4-14 NPSM (nyuzi zilizonyooka za kipimo cha bomba cha inchi 3/4, si kipenyo halisi), ya Ulaya ya sasa ni M25x2 (kipenyo cha milimita 25), na baadhi ya ile mikongwe ya chuma ni 1/2 NPT, yenye nyuzi zinazopungua upana kuelekea chini. Hapa ndipo watu hufa. Valvu ya M25 huingia kwenye shingo ya inchi 3/4, huonekana imeshika, hata hupokea presha, halafu hufyatuka mtungi ukijazwa. Tofauti ya kipenyo ni kama milimita moja na nusu tu. Valvu inayocheza shingoni isijazwe kamwe.

Mwenye mtungi wa 1/2 NPT aitunze sana valvu yake, maana mbadala ni adimu. Valvu ya J, ile yenye wenzo wa akiba unaoachia takriban psi 300 za mwisho, si lazima kwa mzamiaji mwenye geji ya presha. Ukiibakiza, wenzo uwe umeshushwa wakati wa kujaza.

Kwa mtungi wa aloi ya alumini ya namba 6351, ambayo kampuni ya mitungi ya Luxfer ya Marekani iliitumia hadi 1988, shingo ipimwe nyufa kwanza kwa kifaa cha umeme. Usinunue valvu kwa ajili ya mtungi utakaokataliwa.

Ukiamua kuibakiza, ifungue yote, uiloweke dakika chache kwenye siki iliyochanganywa na maji. Ikikaa mno shaba hugeuka waridi, kwa sababu zinki imeliwa. Weka kisahani kipya kinacholingana na presha ya mtungi huo. Cha zamani hakirudishwi, wala viwili havibebanishwi. Mwili wenye ufa, nyuzi zilizolika au kromu inayobanduka mahali oringi inapokaa: nunua mpya.

Kwa 3/4 NPSM, oringi ya shingo ni namba 214. Ipake grisi ya silikoni kidogo sana. Kwa gesi yenye oksijeni nyingi, tumia grisi ya oksijeni pekee. Zungusha kwa mkono hadi ikae, kisha kaza kwa torki (nguvu ya kukazia) aliyotaja mtengenezaji wa mtungi. Oringi ndiyo inayoziba, kwa hiyo kukaza kupita kiasi huharibu nyuzi za alumini bure. NPT haina oringi hiyo. Huzibwa kwa tepu ya tefloni.

Baada ya kujazwa, zamisha shingo majini utafute mapovu sehemu tatu: chini ya valvu, kwenye kisahani na kwenye shina la kishikio cha kufungulia.