Kusoma Zama za Kati ukiwa Nairobi: anza na ngozi ya mbuzi

Usitafute kozi yenye jina hilo. Mimi niliitafuta wiki nzima kwenye orodha ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi za vyuo, nimekaa kwenye saiba ya mtaa wetu wa Huruma nikihesabu shilingi kwa dakika, na sikuiona. Ulaya ya Zama za Kati na ya Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu uliofuata, utaikuta imekatwakatwa: kipande kiko historia, kingine fasihi, kingine falsafa, kingine teolojia, na kilichobaki wamekitupia wachoraji. Kazi yako ni kuokota. Nilisajiliwa historia na fasihi, na kwa miaka minne nilipata yuniti tatu tu zilizogusa nilichokitaka. Zingine nilizigeuza mwenyewe. Ukipewa insha ya "biashara ya masafa marefu", hakuna anayekuzuia kuandika juu ya pembe za ndovu wa Afrika zilizochongwa Paris karne ya 13 na ya 14 kuwa sanamu za Bikira Maria.

Sasa nafundisha kwa mkataba wa muda, na kila mwaka hunijia wanafunzi wawili watatu wakiuliza waanzie wapi. Nawaambia yafuatayo, kwa mpangilio ninaoukumbuka.

Jambo la kwanza ni swali, na swali likae kwenye kiganja. Usije na "utamaduni wa Renesansi Italia". Hiyo ni bahari, nawe una miezi minane. Tasnifu yangu ilihusu mnyama mmoja. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mtawala wa mji wa Florence, Italia, zawadi ya twiga. Nilipomwambia mama, ambaye ameuza mitumba Gikomba tangu nijue jina langu, aliacha kukunja suruali akaniuliza, "Na huyo twiga ndiye atakayelipa karo?"

Karo hakulipa, ila alinifungulia milango. Ukimfuata twiga mmoja unalazimika kusoma siasa za Cairo, mikataba ya biashara, barua za mabalozi, na uchoraji. Katika jumba la Palazzo Vecchio, hukohuko Florence, kuna picha ya Giorgio Vasari inayomwonyesha Lorenzo akipokea zawadi, na twiga yumo. Lakini Vasari alizaliwa mwaka 1511. Twiga alikuwa amekufa zamani! Basi anachora nini: mnyama, au sifa za ukoo wa Medici, mabwana zake? Hilo ndilo swali la tasnifu. Kisha ongeza kwamba miaka 72 kabla, mwaka 1415, twiga mwingine alifika China akiwa zawadi kutoka Malindi, na msimamizi wako hatakuuliza tena mada hii inatuhusu nini. Wangu aliuliza mara moja, mbele ya darasa zima, na watu wakacheka. Nilikaa kimya nikaenda kusoma.

Jambo la pili ni Kilatini, lugha ya maandishi mengi ya Ulaya ya wakati huo, na hapa wengi hutoroka. Msikimbie. Mtu aliyekua na Kiswahili ana akiba ambayo Mwingereza hana. Kwetu neno moja hubeba sentensi: "tutapenda" ni mtendaji, wakati na tendo, vyote pamoja. Kilatini nacho husema *amabimus*, kwa mtindo uleule, ila mtendaji amekaa mkiani badala ya kichwani. Ngeli nazo umezizoea. Kitabu kikubwa, vitabu vikubwa. *Liber magnus, libri magni*. Kivumishi kinavaa sare ya nomino yake, na hilo halikushangazi kwa sababu umelifanya tangu unyonyeshwe.

Kitakachokuangusha ni mpangilio. *Petrus Paulum videt* na *Paulum Petrus videt* zote maana yake Petro anamwona Paulo. Sisi tumezoea anayetangulia ndiye mtendaji, kwa hiyo katika sentensi ya pili utampa Paulo macho ya Petro. Dawa yake ni kusoma miisho kabla ya kusoma maana. Chukua penseli, pigia mstari kila *-m* ya mtendwa, ndipo ufikirie.

Mwalimu utampata wapi? Lang'ata na Karen kumejaa nyumba za malezi ya mapadri na watawa. Nilibisha hodi moja nikapata padre mstaafu aliyekubali kunifundisha Jumamosi, nami nikimchapia mahubiri yake kwenye kompyuta. Hakunianzisha na kitabu cha sarufi. "Kijana wangu," aliniambia, "imba kwanza." Nilikuwa nimeimba *Salve Regina*, wimbo wa Kilatini wa Bikira Maria, kwaya miaka kumi bila kujua kwamba nusu ya sarufi ya mwaka wa kwanza imo mle ndani. Kama kubisha hodi hakukufai, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza ina masomo ya bure kwenye intaneti: Kilatini cha nyaraka za mwaka 1086 hadi 1733, na mengine ya kusoma mwandiko wa mwaka 1500 hadi 1800.

Na sasa mbuzi.

Nilikuwa nimesoma mara ishirini kwamba vitabu vya Zama za Kati viliandikwa juu ya ngozi, na maneno hayo hayakunigusa. Halafu nikasoma kwamba nakala moja tu ya Biblia ya Gutenberg iliyochapwa kwenye ngozi, miaka ya 1450, ilitaka ngozi za ndama kama 170. Mimi natoka Huruma. Kiamaiko, soko la mbuzi, liko hatua chache kutoka kwetu. Jumamosi moja alfajiri nikaenda kuomba ngozi mbichi. Mchinjaji, Mborana wa makamo, akanitazama. "Ya ngoma?"

"Ya kitabu, mzee."

Akaniongezea ya pili bure, nadhani kwa huruma.

Fanya hivi. Osha ngozi mpaka maji yatoke bila damu. Koroga chokaa ya ujenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, vaa glavu ndefu (chokaa inaunguza, usijifanye jasiri), zamisha ngozi, igeuze kwa mti mara mbili kwa siku. Siku ya nane manyoya yalikuwa yakichomoka kwa kidole. Ilaze juu ya bomba nene la maji, ukwangue manyoya kwa mgongo wa kisu, kisha upande wa nyama, na hapo ndipo uvumilivu unapokwisha. Irudishe kwenye chokaa siku mbili tatu, halafu ikae kwenye maji safi siku nzima.

Baadaye inawambwa. Usitoboe pembe za ngozi kwa msumari, zitachanika. Weka kokoto ndogo ukingoni, zikunje ndani ya ngozi kama kifundo, funga kamba kwenye kifundo hicho, na kamba uivute kwenye fremu ya mbao. Mafundi wa kale walifanya vivyo hivyo. Inapokauka unaendelea kukwangua na kukaza kamba, kwangua, kaza. Mvuto huo ndio unaoitofautisha na ngozi ya kiatu: haikutiwa dawa ya kulainisha, imekauka ikiwa imevutwa.

Mimi niliiwamba juu ya paa la ploti, kati ya kamba za nguo. Siku ya pili mama wa orofa ya nne aliteremka na mashuka yake mikononi akisema yananuka maiti. Mwangalizi wa ploti akanipa hadi saa kumi na mbili jioni. Nilimaliza kazi kwa mjomba, Kayole, kwenye banda la kuku, na ngozi ya kwanza ikapasuka katikati kwa sababu niliiweka juani. Kausha kivulini.

Ya pili ilitoka. Upande wa manyoya ni wa manjano kidogo, una vitundu. Upande wa nyama ni mweupe zaidi. Kuanzia siku hiyo nikifungua picha za muswada wa kale, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, naona kwamba aliyepanga kurasa aliweka manyoya yatazamane na manyoya, nyama na nyama, ili kurasa mbili zilizo wazi zifanane. Nilikuwa nimetazama kurasa hizo miaka miwili bila kuliona. Na kipande changu, nilichokitundika ukutani, hujikunja kila masika. Vitabu vya ngozi vilifungwa kwa vifungo vya chuma kwa sababu hiyohiyo: unyevu ukiingia, kurasa hutaka kurudi kuwa mbuzi.

Mwandiko ni rahisi kuliko unavyodhani, kama ulikuwa na simu ya kubonyeza. Waandishi wa Zama za Kati walifupisha kama tulivyofupisha meseji. Aliyewahi kuandika "w2" kwa watu na "cjui" kwa sijui hatashangaa kuona *dns* yenye kistari juu ikisomwa *dominus*, au p yenye kistari kinachokatiza mguu wake ikisomwa *per*. Taabu iko kwenye vijiti. Neno *minimum* katika mwandiko wa Kigothi ni vijiti 15 vimesimama kama uzio wa mabati, nawe unatafuta i iko wapi. Nakili mistari mitano kila siku, kwa mkono, usiruke siku. Maktaba ya miswada ya Hill iliyoko Minnesota, Marekani, imeweka picha nyingi sana mtandaoni, zikiwemo za miswada ya Ethiopia, na kujiandikisha ni bure. Usiziruke hizo za Ethiopia. Mchoraji wa Venice aliyeitwa Nicolò Brancaleon alifanya kazi huko mwishoni mwa karne ya 15, kwa hiyo Renesansi haikukaa Italia ikingoja wageni.

Wahenga wetu walisema mwamba ngozi huvutia kwake, na nilipokuwa nakaza kamba kule Kayole nilielewa kwamba hiyo ndiyo kanuni nzima ya kusoma vyanzo. Kila mwandishi anavuta. Zoezi ninalowapa wanafunzi ni Mombasa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita mwaka 1331 akaandika juu ya watu wacha Mungu, ndizi na samaki, na misikiti ya mbao. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, akauteka na kuuchoma mji, na mtu wa upande wake akaandika habari hizo. Ndani ya maandishi hayo kuna barua ambayo mfalme wa Mombasa anasemekana kumwandikia mwenzake wa Malindi, akieleza mji ulivyoteketezwa na watu wake walivyouawa. Soma barua hiyo polepole. Sauti ya aliyechomewa nyumba imetufikia kupitia kalamu ya waliomchomea. Je, waliihifadhi kwa nini? Kwa huruma, au kwa kujisifu? Andika kurasa tatu kabla ya kusoma msomi yeyote amesema nini.

Na kama unaweza kukusanya nauli ya treni ya SGR, nenda Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa, na daftari. Ni jengo la Renesansi kwa kila hali: ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milan aliyemtumikia Philip wa Pili, mfalme wa Hispania na Ureno. Simama kwenye pembe moja utazame ukuta unavyochomoza, ili mwenye mzinga aweze kulinda ukuta wa pembeni yake. Waitalia waliubuni mtindo huo baada ya mizinga kuanza kuangusha kuta nyembamba za zamani. Ndani kuna michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno wenyewe. Ukitoka, sikiliza watu wanavyosema: meza, leso, bendera, mvinyo, karata, vyote Kireno. Hata gereza ni *igreja*, yaani kanisa.

Kuhusu vitabu nitasema haraka. Maktaba ya Jomo Kenyatta pale Chuo Kikuu cha Nairobi ina rafu nzuri za vitabu vya zamani. Vipya ni vichache. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, Kileleshwa, ni ya lazima kwa upande wa pwani. JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, ukijiandikisha binafsi unasoma makala 100 kwa mwezi bila malipo, na sijawahi kuzimaliza. Kwa Shakespeare, soma Kiingereza kando ya tafsiri za Mwalimu Nyerere. Tamthilia ya mfanyabiashara wa Venice ameiita *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno *mabepari* pekee ni insha kamili. Naye alikuwa akiwamba ngozi.

Kisha kuna kuondoka, maana shahada ya uzamili yenye jina unalolitaka iko nje. Central European University, Vienna, ina masomo ya uzamili ya Zama za Kati. Vyuo vya umma vya Italia hutoza karo kwa kuangalia kipato cha nyumbani, na mikoa yao ina ruzuku. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, wana ofisi hapahapa Nairobi, nenda uulize ana kwa ana. Anza mwezi wa tisa, kwa sababu nakala za matokeo kutoka ofisini huchukua muda ambao hakuna anayeweza kukueleza.

Katika barua ya maombi usiseme kwamba tangu utotoni umependa makasri. Mimi nilisema hivyo mara ya kwanza, mtu wa Huruma, nikakataliwa kote. Mara ya pili niliambatisha ukurasa mmoja wa muswada niliousoma na kuunakili mwenyewe, na makosa yangu mawili nimeyawekea alama, halafu nikaeleza kwa aya moja ngozi ya kwanza ilivyopasuka.

Barua tatu kati ya tano zilizorudi ziliuliza kuhusu mbuzi.