Jinsi ya kutumia neno "merger" bila kuchemsha

Kwanza jua hili, merger (kampuni mbili kuungana kuwa moja) ni nomino sio kitenzi, so ukiandika "the banks will merger" umechemsha, kitenzi ni merge. Chukua Kenya 2019, benki za NIC na CBA ziliungana ikazaliwa NCBA, hapo unasema "the merger of NIC and CBA" au "the merger between NIC and CBA", ila ukishaweka between basi katikati ni and, usitie with. With unaitumia ukianza na upande mmoja, "NIC's merger with CBA". Alafu usichanganye na takeover, hiyo mmoja kamnunua mwenzake, ingawa mabosi hupenda kuiita merger ili isiume, si unawajua. Kampuni za magari Daimler ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani 1998 yao waliiita "merger of equals", yaani muungano wa walio sawa, mwishowe Mjerumani ndo akashika usukani.