SOMO: Neno "charge" lina sura nyingi, soma hapa kabla hujaniletea barua yako

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa stationery kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, umeme umekatika na laptop ina chaji kidogo, kwa hiyo nikikatika katikati mjue ndo hilohilo neno limenimaliza.

Sababu ya uzi huu ni kwamba nimechoka. Wiki hii peke yake watu wanne wamekuja na karatasi za Kiingereza, mmoja ya benki, mmoja ya hospitali, wawili za mizigo ya bandarini, na wote swali moja, "kaka hapa wameandika charge, maana yake nini?" Nikiwajibu leo kesho wanarudi na nyingine. Sasa naandika mara moja, ukija dukani nakuonyesha huu uzi alafu unalipia fotokopi yako unaondoka.

Hatua ya 1. Soma sentensi nzima. Usinipigie picha neno moja.

Hatua ya 2. Kama inaongelea simu, betri au tochi ya sola, ni chaji ileile unayoijua. Endelea na maisha yako.

Hatua ya 3. Angalia nani kaandika. Benki, kampuni ya mizigo na gesti wanaongelea hela. Polisi na mahakama wanaongelea mashtaka. Zahanati ikiandika in-charge inamtaja mfawidhi, yule mkubwa wa pale. Hapa wengi mnapita bila shida.

Hatua ya 4. Angalia neno linalokuja BAADA ya charge. Hii ndo hatua iliyoniaibisha kwahiyo vumilieni nitaongea sana.

Miaka mitatu nyuma alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mteja wangu wa siku zote, mzigo wake umeshuka kutoka Dar na treni umekaa kwenye ghala la watu. Kaletewa barua fupi, mistari mitano hivi. Mstari wa mwisho ulisema asipochukua mzigo ndani ya siku saba, you will be charged daily storage. Mimi siku hiyo nina foleni ya watoto wa shule wanataka kuprinti, nikaona charged, nikakumbuka habari za mahakamani, nikamwambia mama hapa wanasema watakushtaki. Basi. Yule mama hela ya kukomboa mzigo hakuwa nayo kamili, akaogopa, jioni ileile akapanda gari akaenda Kasulu kwa kaka yake akazima simu. Kakaa huko karibu wiki mbili. Kumbe barua ilikuwa inasema tu atatozwa hela ya kuhifadhi mzigo kwa kila siku inayozidi, na yeye kule Kasulu amejificha na hela inazidi kupanda! Aliporudi nusu ya deni nililipa mimi, maana ningeweka wapi uso. Mpaka leo akipita dukani ananisalimia "mwanasheria, hujambo?"

Na dalili ilikuwepo pale pale. Daily. Nani anashtakiwa kila siku? Ningesoma neno moja mbele tu ningejua.

Kwahiyo shikeni hivi. Baada ya charged ukikuta hela, ada au kiasi, mfano charged 5,000 shillings au charged storage, hapo UNATOZWA. Ukikuta with na kosa mbele yake, charged with theft, hapo UNASHTAKIWA, tafuta wakili usije kwangu. Ukikuta for na kitu au huduma, charged for the room, umetozwa hela ya chumba. Ukikuta free of charge ni bure, na ndo neno pekee kwenye familia hii linaloleta furaha. Charge sheet sio risiti jamani, ni hati ya mashtaka. Kuna kijana aliniletea anasema ni bei za gereji.

ONYO: kama sentensi imeishia kwenye charged na nukta, hakuna kitu mbele, USITAFSIRI. Rudi mwanzo wa barua tafuta kama kuna kiasi cha hela au kosa. Usipoona, piga namba iliyoko kwenye barua uulize. Vocha ya kupiga ni rahisi kuliko nauli ya Kasulu.

Hatua ya 5. In charge of na in the charge of. Hako ka-the kanageuza kila kitu. Asha is in charge of the children, Asha ndo msimamizi wa watoto. Asha is in the charge of her uncle, Asha yuko chini ya uangalizi wa mjomba wake. Ukikosea hapa unampa mtoto madaraka ya nyumba.

Hatua ya 6. Karatasi za mkopo zikisema charge juu ya nyumba au kiwanja, hiyo ni rehani. Usiposoma unasaini ukidhani ni makato ya elfu kumi.

Ukitaka kukumbuka zote bila kukariri, chukua neno moja, MZIGO. Charge imetoka kwenye Kilatini cha zamani, kitenzi cha kupakia mzigo kwenye mkokoteni, ikapita kwenye Kifaransa ikaingia Kiingereza. Ukitozwa umebebeshwa mzigo wa hela, ukishtakiwa umebebeshwa tuhuma, ukiwa in charge umebebeshwa kazi, nyumba ikiwekwa rehani imebebeshwa deni. Hata simu inapakiwa umeme. Watu wa bandari mnapaswa kuelewa hili kuliko mtu yeyote, na cargo mnayoisema kila siku ni ndugu yake wa damu, imepitia kwa Wahispania tu.

Maswali wekeni hapa chini.

MASWALI NA MAJIBU

Mzee wa Migebuka: Mkuu uzi mrefu sana. Kwa kifupi charge maana yake nini?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Binti Ujiji: Asante kaka. Mimi niko wodini field, kwenye faili wanaandika "discharged" na kwenye maelezo ya mgonjwa mwingine wameandika "discharge" tena ana miaka 24 na bado yupo kitandani. Nilidhani ameruhusiwa nikataka kutandua kitanda 😅

Mwandishi: Hahaha afadhali hukutandua. Swali zuri sana hili dada. Dis ni kuondoa, kwahiyo discharge ni KUSHUSHA mzigo. Mgonjwa akiwa discharged hospitali imemshusha, ameruhusiwa. Ila discharge kwenye maelezo ya ugonjwa ni ute au usaha au uchafu unaotoka mwilini, sikioni, kwenye kidonda, ukeni. Angalia kama wametaja kiungo pembeni. Mtu mwenyewe ndo anakuwa discharged, sikio linakuwa na discharge. Na mahakamani pia ipo, mshtakiwa akiwa discharged ameachiwa, lakini sio sawa na acquitted. Acquitted ameonekana hana hatia. Discharged wanaweza kumkamata tena kwa kosa lilelile, ndo maana mnaona kwenye habari mtu anaachiwa asubuhi anakamatwa mlangoni.

Binti Ujiji: Hiyo ya mahakama sikuijua kabisa, nimeandika kwenye daftari.

Mtumishi wa Haki: Samahani mwandishi, hatua yako ya 4 ina kasoro. Umesema charged with ni kushtakiwa. Nimekutana na "the committee is charged with collecting contributions". Kamati imeshtakiwa kwa kukusanya michango?

Mwandishi: Nimeandika with na KOSA mbele yake, soma vizuri. Kukusanya michango ni kosa?

Mtumishi wa Haki: Inategemea na kamati 😂 Lakini watu wa kawaida hawatajua, wataona with watakimbilia Kasulu.

Mwandishi: Sawa, hapo umenipata. Naongeza: charged with ikifuatiwa na kazi au wajibu maana yake amekabidhiwa jukumu hilo. Mzigo uleule, mmoja wa kazi mwingine wa tuhuma. Na kabla hujaniambia, ndio, kuna watu wanaandika charged for stealing wakimaanisha kushtakiwa, hata magazetini nimeona. Kanuni yangu inasaidia kwa barua iliyoandikwa vizuri. Iliyoandikwa vibaya tunakufa nayo wote.

Guide Mtarajiwa: Kaka mimi najifunza kutembeza wageni Gombe. Kwenye notisi kuna "charging display" ya sokwe dume. Nimetafsiri maonyesho ya kuchaji, mwalimu kacheka mpaka kakaa chini.

Mwandishi: Na mimi nimecheka, samahani mdogo wangu. Hii niliiacha kwa makusudi maana barua za benki hazina sokwe. Charge ikiwa ni ya mnyama au jeshi ni kuvamia kwa kasi, kumjia mtu mbio. Tembo akikucharge hakutozi. Charging display ni ile dume anatimua mbio nywele zimesimama, anakokota matawi, anarusha mawe, anatisha wenzake ili aonekane mkubwa. Sema "mbio za vitisho" wageni na wenyeji wote wataelewa. Waambie na hii, ni ya hapahapa kwetu: Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na miaka minne baadaye akashuhudia dume mmoja waliyemwita Mike, hakuwa mkubwa kimwili, akaokota madebe matupu ya mafuta ya taa akawa anayagonga na kuyasukuma mbele yake akifanya hizo mbio, kelele ile wenzake wakakimbia wote, 1964 akawa kiongozi. Cheo kwa madebe.

Guide Mtarajiwa: Hii ya madebe naianza nayo kesho kwenye mazoezi. Ubarikiwe.

Mama Vitenge Mwanga: Mwanasheria, hiyo stori ya Kasulu ungeniomba ruhusa kwanza 😂

Mwandishi: Mama shikamoo. Sijataja jina!

Mama Vitenge Mwanga: Marahaba. Mwanga nzima wanajua ni mimi. Unanidai fotokopi mbili, hesabu zimeisha.

Mwandishi: Zimeisha mama.

Papa Kalemie: Mimi natokea ng'ambo ya ziwa, Kongo. Sisi charger kwa Kifaransa ni kupakia mzigo kwenye boti, na simu pia. Kwahiyo kwetu haikupotea?

Mwandishi: Kabisa papa, nyie mnayo ile ya asili kabisa. Ya umeme ina stori yake, zamani charge ilikuwa pia baruti unayoipakia kwenye bunduki au mzinga, watu wa majaribio ya umeme wakaiazima. Hata neno battery Benjamin Franklin alilichukua jeshini 1749, battery ilikuwa safu ya mizinga. Kwahiyo ukichomeka simu unapakia mzinga.

Papa Kalemie: Na gari la Waswahili limetoka hukohuko kwenye mkokoteni?

Mwandishi: Hapana, gari letu limetoka Kihindi. Car ya Waingereza ndo ya mkokoteni wa Kilatini. Zinafanana kwa sauti tu, usidanganyike.

Kijana wa Kibirizi: Kuna neno baya kuliko hili kwa maana nyingi?

Mwandishi: Lipo, run. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya 2011 walifikisha maana 645 za kitenzi peke yake. Kabla yake set ndo ilikuwa inasifika, ilikuwa na 430 kwenye toleo la 1989. Charge ni mtoto hapo. Ila run haijawahi kumkimbiza mteja wangu mpaka Kasulu.

Kijana wa Kibirizi: Poa. Alafu kwenye karatasi ya mzigo wangu wameandika "port of discharge: Bujumbura". Ndo nimeruhusiwa hospitali ya Bujumbura?

Mwandishi: Unatania au unauliza?

Kijana wa Kibirizi: Nusu nusu.

Mwandishi: Bandari ya kushushia mzigo. Na hapo juu yake pataandikwa port of loading, Kigoma, ndo unapopakilia. Hakikisha hizo mbili hazijageuzwa, ishatokea kwa mtu.

Mzee wa Migebuka: Kwahiyo charge ni mzigo?

Mwandishi: Mzee umesoma uzi wote?

Mzee wa Migebuka: Nimesoma comment.

Mwandishi: Laptop inazima, asilimia 3. Njoo kesho dukani, na hiyo karatasi yako yote, sio picha ya neno moja.