Fahali uliyemlea mwenyewe ndio wa kumwogopa: jinsi ya kukaa salama na ng'ombe wakali

Naanza na kitu ambacho wafugaji wengi wanakikataa mpaka siku kiwakute. Fahali wa hatari kubwa sio yule anayetimua mbio ukimkaribia, yule anakuogopa na huo woga wake ndio unaokulinda. Hatari ni huyu uliyemlea kwa chupa ya maziwa, ukimwita jina anakuja, watoto wanampanda mgongoni, kila mgeni akifika unamwonyesha alivyo mpole. Huyu hana woga na wewe hata kidogo, na akishakomaa anakuona dume mwenzake, na madume lazima wajue nani mkubwa pale zizini.

Sisi tulikuwa nae mmoja. Mama yake alikufa siku chache baada ya kuzaa tukamlea nyuma ya nyumba peke yake, bila ndama mwenzake, na mchezo wetu mkubwa ulikuwa kusukumana nae kichwa, yeye anasukuma na sisi tunasukuma tunacheka. Alipofika miaka miwili hivi kaka yangu aliingia bandani kubadilisha maji kama siku zote, akainama kuchukua ndoo akampa mgongo, na yule dume akambana ukutani kwa paji la uso. Mbavu nne zilivunjika. Na hakuwa na pembe, tulishamuunguza vishina akiwa mdogo, kwa hiyo ukisikia mtu anasema wa kwangu nimemkata pembe hana shida tena, mwambie kile kichwa nyuma yake kuna kilo 700 au 800, wengine wanapita 1000, na anachofanya ni kukukandamiza ukutani au chini kwenye udongo mpaka aone hutikisiki.

Kwa hiyo usalama unaanzia kwenye ndama. Temple Grandin, profesa wa Marekani ambaye amechunguza tabia za ng'ombe maisha yake yote, amelieleza hili miaka mingi: ndama dume akilelewa peke yake katikati ya watu anakua akijiona ni mmoja wao, afu akikomaa anaanza kushindana na watu kama ambavyo angeshindana na madume wenzake. Ukubwani huwezi kulirekebisha. Ndama dume usiyemhitaji kwa mbegu mhasi mapema, na unayemhitaji akae na ndama wenzake au umpachike kwa jike mwingine anayenyonyesha. Usicheze nae mchezo wa kusukumana kichwa hata akiwa wa wiki mbili, na usimkune kwenye paji la uso wala utosini kwa sababu hapo ndipo anapojifunza kusukuma, ukitaka kumkuna mkune chini ya kidevu. Kipindi ambacho wengi wanabadilika ni kati ya miezi 18 na 24, jana alikuwa kama mbwa wa nyumbani na leo anakutazama kwa namna nyingine kabisa.

Aina nazo zinatofautiana. Madume wa ng'ombe wa maziwa kwa ujumla ni wakali kuliko wa nyama, na Jersey ambaye ni mdogo kwa umbo anasifika kwa ukali kuwashinda wengi wanaomzidi kilo mia kadhaa. Uingereza na Wales wameliweka mpaka kwenye sheria, ile ya 1981 inakataza fahali wa aina za maziwa zilizotajwa, Friesian, Jersey, Ayrshire, Guernsey na wenzao, akishazidi miezi 10 asiachiwe kwenye shamba lenye njia wanayopita watu, wakati wa aina nyingine wanaruhusiwa mradi wawe pamoja na majike. Hii isikufanye umwamini wa nyama lakini, fahali ni fahali.

Sasa kumsoma. Hapa ndipo watu wanapofia, kwa sababu ishara ya kwanza inafanana na utulivu. Fahali anayekutishia mara nyingi hakuangalii uso kwa uso, anakugeuzia ubavu. Anasimama kiubavu ili uone ukubwa wake, mgongo ameukunja juu kama upinde, kichwa amekishusha kidogo, macho yametoka na manyoya ya mgongoni yamesimama, na anatembea taratibu kwa miguu iliyokakamaa. Mtu asiyejua anaona ng'ombe anapita zake. Hapo ameshakwambia ondoka. Usipoondoka ndio anakugeukia mbele, anatikisa kichwa, anaparua udongo kwa kwato na kuurusha mgongoni, wengine wanapiga magoti wanasugua shingo na kuchimba chini, na anatoa mngurumo mzito wa tumboni. Ukifika hapo umechelewa, unatakiwa uwe ulishaanza kutoka kwenye ile hatua ya ubavu.

Namna ya kutoka ni hii. Usimpe mgongo, usikimbie. Unarudi nyuma kwa mshazari huku unamtazama, bila haraka, mpaka uwe nje ya eneo lake, umbali wa mita 6 au zaidi, na kila hatua inakupeleka kwenye fensi au geti, sio katikati ya malisho. Kukimbia ni kwa mtu ambaye fensi iko hatua mbili tatu tu kutoka alipo, vinginevyo atakushinda mbio na kule kukimbia ndiko kunakomwita. Akikuvamia kweli mrushie kofia, koti, shati, ndoo, chochote ulicho nacho, wengi wanasimama kwanza kukishughulikia hicho kitu na wewe unapata sekunde zako, na ukikimbia kimbia kwa kukata kona maana mzigo ule haugeuki haraka kama wewe. Hiyo habari ya nguo nyekundu isikusumbue, ng'ombe rangi nyekundu haioni kama tunavyoiona sisi, kinachomchokoza ni kitu kinachochezacheza mbele yake. Kwa hiyo usidhani ukivaa bluu uko salama.

Macho yake yako pembeni ya kichwa na anaona karibu pande zote, zaidi ya nyuzi 300, ila nyuma kabisa ya mkia haoni na pale karibu na pua kuna kisehemu hakioni. Ukimtokea nyuma kimya kimya anashtuka na ng'ombe aliyeshtuka anapiga, awe dume awe jike. Ongea ukiwa unakuja, taja jina lake, piga mluzi wa chini, ajue upo. Kupima umbali wa kitu hajui vizuri, ndio maana kivuli chini au dimbwi la maji au koti lililoning'inia kwenye fensi linamsimamisha, na mtu asiyeelewa anaanza kumchapa na hapo ndio ukali unapotengenezwa. Toa koti, subiri, mpe muda atazame. Na kelele nyembamba kali zinamuumiza kuliko zinavyotuumiza sisi, anasikia mpaka sauti ambazo masikio yetu hayazifikii, kwa hiyo kupiga kelele zizini kunakuongezea tatizo.

Kumswaga bila kupigana nae tumia bega lake. Ukiwa nyuma ya bega anaenda mbele, ukisogea mbele ya bega anasimama au anarudi. Ukimsogelea kidogo anahama, ukirudi nyuma anatulia. Ukimbana sana na hana pa kwenda anakugeukia, hiyo ni ng'ombe yeyote hata mtamba mtulivu.

Mateke nayo, watu wanaogopa nyuma tu, lakini ng'ombe hapigi kama punda. Anauvuta mguu mbele halafu anauzungusha kwa pembeni kwenda nyuma, kwa hiyo ukisimama usawa wa paja hatua moja kutoka kwake uko kwenye njia ya teke lenyewe. Kaa karibu na bega, au ukilazimika kuwa nyuma ganda kabisa kwenye mwili wake na mkono uwe juu ya kiuno, teke halipati nafasi ya kushika nguvu.

Majike nao tusiwasahau maana watu wanaumizwa sana na jike aliyezaa. Mpole wa miaka mitano, unamkamua bila kumfunga, akizaa tu siku zile za kwanza anakuwa mtu mwingine. Usisimame kati yake na ndama, usimwinamie ndama mama yake akiwa huru, ukitaka kumvalisha hereni au kumpaka dawa ya kitovu mtoe ndama nje ya geti kwanza au mama awe upande wa pili wa fensi. Mbwa usiingie nae kabisa. Ng'ombe anamchukia mbwa kuliko anavyokuchukia wewe, na mbwa akifukuzwa anakimbilia kwako na analeta kundi zima juu yako, kama umeshaingia nae na wameanza kuja basi mwachie kamba, yeye atajiokoa.

Ng'ombe jike akiwa kwenye joto, yaani anataka dume, kuna vurugu pia, wanapandana na mtu aliyesimama katikati anaweza kupandwa, na fahali aliye karibu na jike wa joto hataki kuona mtu. Usiende kumtoa huyo jike peke yako kwa miguu. Watoe kikundi wote pamoja na fahali, kisha wachambue getini ukiwa upande wa nje. Na ng'ombe aliyetengwa peke yake anachanganyikiwa, anaruka fensi, anakanyaga mtu, kwa hiyo ukimtoa mmoja mpe mwenzake wa kusimama nae.

Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Waliokua pamoja wanaweza wakakaa, ila siku wakipigana usiingie kuwaamua hata kama unawapenda vipi. Anayeshindwa anageuka ghafla na kukimbia bila kutazama mbele na aliyesimama pale ndio anapitiwa.

Kwenye ujenzi wa banda kuna vitu viwili ningevifanya kabla ya kununua fahali. Cha kwanza ni mianya ya kutokea watu, nafasi ya sentimita 35 hadi 40 kwenye kila ukuta mrefu, mtu anapita kiubavu na fahali hapiti. Haina gharama yoyote, na kaka yangu kama angekuwa nao pale ukutani asingelazwa. Cha pili chakula na maji viwekwe kutokea nje, hori likae ukutani ujaze ukiwa upande wa pili, ili kwa siku za kawaida kusiwe na sababu ya mtu kuingia kwa dume. Ukilazimika kuingia kufanya usafi mhamishe kwanza chumba cha pili na ufunge, usimzunguke na koleo mkononi eti kamezoea.

Geti usisimame nyuma yake kabla halijafungwa na komeo limeingia. Ng'ombe mmoja akilisukuma kwa kichwa linakuwa ni rungu la chuma na wewe ndio unapigwa. Kwenye kibanio, kile kichochoro cha mabomba cha kumbana ng'ombe, usipitishe mkono katikati ya mabomba wakati ng'ombe bado anaweza kwenda mbele na nyuma, mkono unavunjika kama kuni. Kamba usiizungushe kiganjani wala kiunoni, ishike kwa kuikunja ili akivuta iteleze itoke. Fahali wa kuongozwa avalishwe pete ya pua na daktari wa mifugo akiwa na miezi 9 mpaka 12, na aongozwe kwa fimbo ya ndoano inayoshika pete, watu wawili, kamba peke yake inamzuia asikukimbie lakini haimzuii asikujie.

Watoto wasiingie kwa fahali, na wazee nao tuwaambie kwa heshima, babu anayewajua ng'ombe miaka 50 anajua kila kitu ila miguu yake haimtoi tena kwa haraka. Kila anayeingia amwambie mtu, na simu iwe mfukoni, sio kwenye gari.

Ng'ombe mtulivu akibadilika ghafla siku moja mbili, anashambulia miti, analia sauti ya kukwaruza, udenda unamtoka, anashindwa kumeza, fikiria kichaa cha mbwa. Wengi wanadhani kitu kimemkwama kooni wanaingiza mkono mdomoni, usifanye hivyo kabisa. Mfungie, watu wakae mbali, ita daktari wa mifugo, asichinjwe kwa kuliwa. Aliyeguswa na udenda kwenye kidonda au machoni aoshe kwa maji mengi, kidonda kioshwe kwa sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo akapewe chanjo, asisubiri kuona dalili maana zikishaanza hakuna dawa.

Ukiangushwa jiviringishe kuelekea kwenye fensi mpaka upite chini yake, mikono ifunike kichwa na shingo. Mnaomwokoa mtu msiruke ndani kwa miguu mkawa majeruhi wawili, leteni trekta au gari liingie kati, au mfungulie fahali geti la kwenda kwa majike. Majeruhi msimnyanyue mkimshika mikono na miguu, mgongo unaweza kuwa umeumia, mumhamishe tu kama dume bado yupo pale. Na aliyebanwa aende hospitali hata kama anatembea na anasema nipo sawa. Bandama na ini vinaweza kupasuka bila jeraha lolote nje, anakunywa chai jioni usiku anazimia. Mwambieni daktari wazi kwamba amebanwa na fahali na ni upande gani.

Fahali aliyempiga mtu mara moja atarudia, usimpe nafasi ya pili na usimuuzie mfugaji mwenzako bila kumwambia. Wetu alienda machinjioni wiki ile ile. Kumpakia tulitanguliza majike wawili kwenye lori akawafuata mwenyewe, hakuna mtu aliyeingia nae zizini.