Namna ya Kuipima Tetesi ya Usajili Kabla Hujaiamini

Dirisha la usajili, yaani kipindi ambacho klabu huruhusiwa kuandikisha wachezaji, likikaribia, jina la staa mmoja linaweza kuhusishwa na klabu tano ndani ya wiki moja. Wengi wetu huanza kwa kuuliza nani kasema. Swali hilo lina nafasi yake, lakini la kwanza ni hili: uhamisho huo unawezekana? Mkataba wake unaisha lini, dirisha la nani liko wazi, na klabu inayotajwa ina nafasi ya kumwandikisha? Majibu ya maswali haya hayahitaji mtu wa ndani. Yapo hadharani, na ukiyatafuta kwanza utaziondoa tetesi nyingi kabla hata hujajua nani alizianzisha.

Anza na mkataba

Tafuta tarehe ya mwisho ya mkataba. Rudi kwenye taarifa ya klabu ya siku alipotambulishwa au alipoongezewa mkataba. Hapo husemwa ni miaka mingapi. Mkataba wa miaka miwili uliotangazwa Julai 2023 kwa kawaida unaisha mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Tovuti za takwimu kama Transfermarkt zinasaidia, ila kwa wachezaji wa ligi zetu zilinganishe na taarifa ya klabu yenyewe, maana mara nyingi tarehe za huko hukosewa au hazipo kabisa.

Ukishaipata tarehe, hesabu miezi iliyobaki. Kanuni za FIFA, shirikisho la soka la dunia, zinamruhusu mchezaji kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine akiwa amebakiza miezi sita au pungufu. Kabla ya hapo, kwa kawaida hakuna njia isipokuwa klabu yake ikubali kumuuza au kumtoa kwa mkopo, au mkataba uwe na kipengele cha kuuvunja kwa dau maalumu. Kwa hiyo habari inayosema "amemalizana na klabu mpya" wakati mchezaji ana mwaka mzima na zaidi imeacha nusu ya jambo. Uliza klabu yake imesema nini. Na klabu inayomtaka inatakiwa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza kuzungumza naye, hata katika ile miezi sita.

Mkataba ukiisha kabisa, mambo huenda haraka. Clatous Chama alimaliza mkataba wake Simba, na Julai 1, 2024 Yanga ikamtambulisha. Hapakuwa na ada ya kujadili na Simba, ndiyo maana haikuchukua muda. Tetesi za mchezaji huru zipe uzito zaidi kuliko za mwenye mkataba, kwa sababu kinachohitajika ni watu wawili tu kukubaliana.

Lakini usidhani kila anayefika ukingoni mwa mkataba anaondoka. Stephane Aziz Ki alimaliza msimu wa 2023/24 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21, mkataba wake ukielekea mwisho, na kila siku alitajwa klabu mpya. Akaongeza mkataba Yanga. Alikuja kuondoka mwaka 2025, kwenda Wydad ya Morocco. Kylian Mbappé naye aliongeza mkataba PSG Mei 2022 wakati dunia ikimsubiri Madrid. Real Madrid ilimtangaza Juni 2024, mkataba ule ulipofika mwisho. Miezi ya mwisho ya mkataba ndiyo yenye kelele nyingi kwa sababu mchezaji na wakala wake wana nguvu mezani, na jina la klabu nyingine hupandisha mshahara wa kubaki.

Neno la kuogopa zaidi kwenye eneo hili ni "amevunja mkataba". Likitajwa, uliza kauvunja nani: mchezaji peke yake, pande mbili kwa makubaliano, au chombo chenye mamlaka? Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga na kuingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, milioni 100 za kuvunjia mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Mashabiki wengi wakamhesabu ni wa Azam tayari. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) inayosimamia sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa bila kucheza mechi za klabu mpaka Juni 2023, Yanga na Azam zilipokubaliana. Aliyesema Desemba kwamba Fei anataka kwenda Azam alikuwa sahihi. Aliyesema ameshahama alikosea kwa nusu mwaka.

Kisha kalenda

Kinachoamua ni dirisha la nchi anayokwenda mchezaji. Dirisha la klabu inayouza linaweza kuwa limefungwa na biashara ikafanyika. Mwaka 2024 madirisha ya Italia na Uingereza yalifungwa Agosti 30, watu wakasema Victor Osimhen kanasa Napoli. Dirisha la Uturuki lilikuwa bado wazi, na Septemba akaenda Galatasaray kwa mkopo. Kabla ya kusema "muda umeisha", angalia tarehe za nchi inayonunua. Mashirikisho hutangaza tarehe hizo kila msimu, na hapa kwetu TFF hutoa tarehe za dirisha kubwa, la kabla ya msimu, na dirisha dogo, la katikati ya msimu.

Saa nazo zinachanganya. Septemba 1, 2025 dirisha la Ligi Kuu ya England lilifungwa saa 1 usiku kwa saa za London, yaani saa 3 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Ila ligi hiyo inazo karatasi maalumu za makubaliano: klabu zikiziwasilisha kabla ya muda kuisha, hupewa saa mbili zaidi za kukamilisha nyaraka. Usajili unaotangazwa saa 4 usiku kwa saa zetu si lazima uwe uongo.

Upande wa pili, makubaliano kamili huweza kufa kwa sekunde. Agosti 31, 2015 David de Gea alikuwa anakwenda Real Madrid, nyaraka zikachelewa kuingia kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho wa kimataifa, akabaki Manchester United. Mwaka 2017 Leicester ilichelewesha nyaraka za Adrien Silva kwa sekunde 14, na kiungo huyo hakuweza kucheza hadi Januari 2018. Januari 31, 2023 Hakim Ziyech alikuwa tayari Paris kwa ajili ya mkopo wa PSG, nyaraka sahihi kutoka Chelsea hazikufika kwa wakati, bodi ya ligi ya Ufaransa ikakataa. Siku ya mwisho ya dirisha, taarifa ya saa chache kabla ya kufungwa ibebe neno "inatarajiwa" hata kama chanzo chake ni kizuri.

Nafasi kikosini

Hapa ndipo tetesi nyingi za wachezaji wa kigeni hukwama, na ni watu wachache hupiga hesabu hii. Kanuni za Ligi Kuu Tanzania kwa misimu ya karibuni zimeruhusu wachezaji wa kigeni 12 kwa kila klabu. Andika majina yote ya wageni waliopo. Wakifika 12, tetesi ya mshambuliaji mpya kutoka nje haijakamilika mpaka iseme nani anampisha. Ndiyo maana zile taarifa za "Thank You" za klabu ni za kufuatilia kwa karibu kuliko tetesi zenyewe: mgeni mmoja akipewa mkono wa kwaheri, nafasi imefunguka, na jina lililokuwa linazungumzwa wiki nzima linapata uzito. Soma kanuni za msimu husika, maana idadi hubadilika.

Angalia pia kama klabu imefungiwa kusajili. Klabu zikishindwa kulipa wachezaji au makocha wa zamani baada ya uamuzi wa FIFA, hufungiwa, na adhabu huweza kufika madirisha matatu mfululizo. FIFA huchapisha orodha ya waliofungiwa kwenye tovuti yake. Klabu iliyomo bado inaweza kukubaliana na mchezaji, hata kumpiga picha, lakini hawezi kuandikishwa mpaka deni lilipwe.

La mwisho: katika msimu mmoja mchezaji anaweza kuandikishwa na klabu tatu, ila kwa kawaida hucheza mechi rasmi za klabu mbili tu. Tetesi ya dirisha dogo kuhusu mtu aliyekwishacheza kwenye klabu mbili msimu huo ichunguze mara mbili.

Soma kitenzi

Ukiona uhamisho unawezekana, sasa soma habari yenyewe, na macho yatue kwenye kitenzi. "Anafuatiliwa" maana yake kuna mtu kamtazama. "Wameulizia" ni simu imepigwa. "Ofa imetumwa" ni jambo zito kidogo, kwa sababu kuna karatasi. "Amekubaliana maslahi binafsi" ni mchezaji na klabu mpya tu. Klabu yake haijasema lolote. "Klabu zimekubaliana" inasikika kama mwisho, lakini mchezaji bado ana kauli. Agosti 2023 Brighton ilikubaliana na Liverpool takriban pauni milioni 110 kwa Moisés Caicedo. Caicedo akachagua Chelsea, kwa dau lililofika milioni 115 pamoja na nyongeza.

Vipimo vya afya navyo si kibali. Juni 2018 Nabil Fekir alifanyiwa vipimo vya Liverpool na hata kupigwa picha na jezi yake, lakini klabu yake, Lyon, ikatoa taarifa kwamba mazungumzo yamekwisha, na hakwenda. Picha ile ilikuwa ya kweli kabisa.

"Amemwaga wino" na "ametambulishwa" ndiyo hatua za juu, lakini juu yake kuna moja zaidi: kuandikishwa. Kwa mchezaji anayevuka mpaka, shirikisho la anakotoka lazima litoe hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC. Kwa uhamisho wa ndani, klabu mbili lazima ziwe zimemalizana. Juni 2024 Simba ilimtambulisha beki Lameck Lawi kutoka Coastal Union. Coastal ikajitokeza kusema masharti ya malipo hayakutimizwa, na mgogoro ukaanza. Utambulisho wa klabu moja hautoshi pale klabu nyingine inapopinga hadharani.

Sasa muulize nani kasema

Fuata habari mpaka ilipozaliwa. Kurasa ishirini zikiandika kitu kimoja, mara nyingi zimenakili moja. Chukua sentensi yenye maneno ya pekee au kiasi cha fedha, itafute kwenye Google na kwenye X, panga matokeo kwa muda, uangalie ya kwanza. Ikiwa ya kwanza inasema "inasemekana", zile nyingine kumi na tisa hazikuongeza kitu.

Halafu jiulize nani ananufaika. Wakala anayetaka mteja wake aongezewe mshahara hutaja klabu kubwa bila kutaja ofa. Klabu inayouza hutaja wanunuzi watatu ili dau lipande. Uongozi ulioshindwa kumsajili mtu huweza kusema haukumtaka. Hakuna ubaya kusikiliza upande wowote kati ya hizi, alimradi ujue ni upande. Habari yenye nguvu ni ile ambayo pande mbili zenye maslahi tofauti zinaieleza sawasawa, kwa mfano wakala na klabu inayouza wanapotaja kiasi kimoja na muda mmoja.

Akaunti bandia zinahitaji dakika moja tu. Usitazame jina kubwa la juu wala alama ya bluu, maana alama hiyo hununuliwa. Tazama jina la akaunti herufi kwa herufi: o iliyogeuzwa sifuri, kistari cha chini kilichoongezwa. Tazama ilifunguliwa lini. Ukitumiwa picha ya skrini tu, nenda kwenye akaunti halisi utafute posti hiyo. Usipoiona, iache.

Picha zipitishe Google Lens uone zilianza kuonekana lini. Kagua jezi: ni ya msimu huu? Mdhamini wa kifuani ndiye wa sasa? Picha zilizotengenezwa na akili mnemba mara nyingi huharibika kwenye vidole, kwenye maandishi ya mdhamini na kwenye nembo. Picha ya mchezaji uwanja wa ndege inathibitisha kitu kimoja, kwamba yupo uwanja wa ndege, na hilo pia kama picha si ya zamani.

Fedha

Kiasi kikitajwa, uliza ni cha nini. Ada ya uhamisho huenda kwa klabu. Fedha ya kusaini na mshahara huenda kwa mchezaji. Kurasa nyingi hujumlisha vyote na kuita "dau la usajili". Uliza pia kama ni dola au shilingi, mshahara ni wa wiki au wa mwezi, kabla au baada ya kodi, na kama nyongeza zinazotegemea mabao au ubingwa zimo. Hiyo ya Caicedo wengine huandika pauni milioni 100 na wengine 115, na wote wanazungumzia biashara ileile.

Ukitaka kuisambaza

Kwa anayeendesha ukurasa au kundi la mashabiki, andika hatua iliyofikiwa, aliyesema kwanza, na kilichobaki. "Wamekubaliana na mchezaji, klabu yake haijajibu, mkataba wake unaisha Juni mwakani" inamfaa msomaji kuliko herufi kubwa na mishangao. Kikibadilika kitu, rekebisha posti ileile badala ya kuifuta.

Na weka daftari, au jedwali kwenye simu, lenye safu tano: tarehe, mchezaji, aliyesema kwanza, kitenzi alichotumia, na kilichotokea. Jaza safu ya mwisho siku dirisha linapofungwa. Mwandishi aliyesema "ofa imetumwa" na ofa ikakataliwa mhesabu yuko sahihi. Aliyesema "amesaini" na mchezaji akabaki mhesabu amekosea, hata kama klabu kweli ilimtaka. Baada ya madirisha mawili, kubwa na dogo, utakuwa na orodha yako ya watu wa kuwasubiri, na utaona kwamba wengine ni wazuri kwa Yanga tu au kwa Simba tu, na wakivuka nje ya hapo wanabahatisha.