Namna ya kusoma katuni za Gladstone na Disraeli bila kudhani walikuwa marafiki

Wengi wakikutana na katuni ya jarida la Punch ya miaka ya 1870 yenye Gladstone na Disraeli, wanasiasa wawili wakubwa wa Uingereza waliokuwa wapinzani, wanaitazama sekunde mbili, mbona haichekeshi, wanapita zao. Ni kwa sababu wameanza na sura. Anza na tarehe kwanza. Punch lilikuwa la kila wiki pale London, watu wa jarida walikaa mezani Jumatano jioni wanakula huku wanabishana katuni kubwa ya safari hii iwe nini, halafu John Tenniel anaichora kwa penseli juu ya kibao cha mti na Joseph Swain anachonga, jarida lina tarehe ya Jumamosi. Kwa hiyo chukua hiyo tarehe, rudi nyuma wiki mbili hivi, uliza hawa wazee walikuwa wanagombania nini.

Kuwatambua ni rahisi. Gladstone wa chama cha Liberal ana sharafa na uso wa mtu anayekudai, Disraeli wa chama cha Conservative ana kishungi cha nywele kwenye paji na kindevu. Pua yake wachoraji wengi waliivuta makusudi maana alizaliwa familia ya Kiyahudi, huo ni ubaguzi tu usiuite utani. Na kuanzia 1876 alipewa cheo akawa Lord Beaconsfield, so ukiona jina hilo ni yuleyule, mimi lilinichanganya sana mwanzoni.

Baada ya hapo angalia mikono, wameshika nini. Chukua ile ya tarehe 14 Mei 1870 inayoitwa Wahakiki. Disraeli ndo katoka kuchapisha riwaya yake Lothair, Gladstone mwaka uliopita katoa kitabu cha mambo ya Homer, yule mshairi wa Ugiriki ya kale, kinaitwa Juventus Mundi, sasa Tenniel kampa kila mmoja kitabu cha mwenzake. Gladstone anaguna, mh, upuuzi! Disraeli naye, ha, kinachosha! Humo ndani ya Lothair kuna mtu anasema wahakiki ni watu walioshindwa fasihi na sanaa, kwa hiyo lile jina la katuni lenyewe ni kijembe. Ukiwaona hivyo unasema hawa ni watani wa jadi, wanasomana mpaka vitabu.

Ila linganisha na ya tarehe 10 Agosti 1878, Mfano Mbaya. Hapo ni viranja wakuu wawili wa shule wanarushiana matope na Bwana Punch mwenyewe, yule mhusika wa jarida, kaja kama mwalimu kuwagombeza. Rudi nyuma zile wiki mbili: Gladstone kasema mkataba uliofanywa na Waturuki kuhusu Cyprus ni wa kichaa, Disraeli kamjibu hadharani kwamba ni msemaji aliyeleweshwa na wingi wa maneno yake mwenyewe. Hapo sio utani tena, ni mchoraji ndo kawaweka sawasawa, tope lilelile, aibu ileile.

Mwisho pima na maisha yao. Disraeli alipofariki Aprili 1881 waziri mkuu alikuwa Gladstone, akatoa ofa ya mazishi ya kitaifa, ikakataliwa maana marehemu alitaka azikwe kwake Hughenden kando ya mkewe, na huko Gladstone hakwenda. Sasa irudie ile ya vitabu uitazame upya.